Bastola ichaguliwe na mkono wako

"Bastola nzuri ni ipi?" Swali hili huulizwa na karibu kila anayesubiri leseni, nalo ni sawa na kuuliza kiatu kizuri ni namba ngapi. Glock, CZ, Beretta, Walther: zote hutengenezwa vizuri. La kujua ni kama kiganja chako, nguvu ya vidole vyako na shati unalovaa mchana wa Dodoma vinaelewana nayo. Wengi huanza na umbo na idadi ya risasi. Mimi nashauri uanze na umbali wa triga (kutoka mgongo wa mpini hadi kidole kinapovuta), kisha uzito wa triga (nguvu ya kuivuta), kisha slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma. Ukubwa uje mwisho.

Kabla ya dukani kuna polisi. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usilipe hata shilingi ya kushikia mzigo kabla leseni haijakuambia unaruhusiwa silaha ya aina gani.

Ukipewa bastola mkononi, itoe risasi hata kama muuzaji ameapa kwamba ni tupu. Magazini, yaani kikasha cha risasi, itoke kwanza, ndipo uvute slaidi na kuichungulia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Mpangilio huo usiugeuze. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi moja itaruka nje na nyingine itaingia chemba palepale, nawe utabaki unaamini umemaliza kazi. Hapo ndipo bastola "tupu" huua watu.

Sasa shika mpini juu kabisa, nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ibane chini ya slaidi. Ukitazama kutoka juu, mtutu, kifundo cha mkono na kigasha viwe mstari mmoja. Ukiwa umeelekeza mtutu mahali salama, weka kidole kwenye triga: katikati ya pingili ya mwisho ndipo pake. Kidole kikifika kwa ncha tu, kitaisukuma bastola pembeni badala ya kuvuta triga moja kwa moja nyuma, na kwa anayetumia mkono wa kulia risasi huelekea kushoto. Kikizidi na kuingia hadi kwenye kiungo, huelekea kulia. Na ukilazimika kuuzungusha mpini ndipo kidole kifike, mstari umevunjika; teke la bastola litapiga kiungo cha gumba badala ya kurudi kwenye mkono mzima. Iache hiyo, hata kama ni ya bei ya kutupwa.

Wenye viganja vidogo hupata taabu na Beretta 92FS. Mpini wake ni mnene kwa sababu magazini hupanga risasi 15 kwa safu mbili, na triga iko mbali nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga, ikiwa imelala. CZ 75 nayo triga yake huanzia mbali, ingawa mpini wenyewe hukaa mkononi vizuri mno. Glock, tangu toleo la nne, huja na vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini. Mwambie muuzaji avilete vyote, ujaribu kimoja baada ya kingine.

Kuhusu triga kuna makundi matatu ya kujua. Beretta 92FS na CZ 75 za kawaida huvutwa kwa nguvu kubwa risasi ya kwanza, takribani kilo 5, kisha nyundo hubaki nyuma na zinazofuata huhitaji karibu nusu ya hapo. Asiyefanya mazoezi hupiga ya kwanza chini, na ya pili humtoka kabla hajaitaka. Glock ni takribani kilo 2.5 kila mara, lakini sefti yake, yaani kizuizi cha kufyatua, imo ndani ya triga yenyewe, hakuna kitasa cha kufunga pembeni. Bastola za mtindo wa 1911 na Browning Hi-Power hazifyatui mpaka nyundo iwe imekokiwa, yaani imevutwa nyuma, kwa hiyo mwenye nayo lazima aizoee sefti ya gumba kama anavyozoea kitasa cha mlango wake. Kwa anayefika uwanja wa shabaha mara mbili kwa mwaka, mimi napendelea triga isiyobadilika. Sharti ni moja: ala ngumu inayofunika triga yote. Pindo la shati likinaswa humo wakati wa kurudisha bastola kwenye ala, linavuta triga vilevile kama kidole.

Kipimo chake hakina gharama. Bastola ikiwa tupu na muuzaji ameridhia, elekeza mtutu mahali salama, laza sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, ufyatue. Rudia mara kumi. Sarafu ikianguka kila mara hata ukivuta polepole, triga hiyo imekushinda kwa sasa.

Slaidi huwashangaza wengi, maana bastola ndogo mara nyingi ndiyo ngumu kuikoki. Walther PPK haina mtutu unaojifunga na slaidi. Kinachoizuia isifunguke mapema ni uzito wa slaidi na springi, basi springi huwekwa kali. Glock 19 ni kubwa zaidi lakini huvutika kwa urahisi. Usivute kwa vidole viwili. Funika slaidi kwa kiganja kizima karibu na kifua, mtutu ukiwa mbele, kisha usukume mpini mbele kwa mkono mwingine. CZ 75 slaidi yake imezama ndani ya fremu, pa kushika ni padogo, na mkono wa jasho huteleza.

Ukubwa, kwa hapa kwetu pasipovaliwa makoti: kinachotokeza chini ya shati ni mpini, wala si mtutu. Glock 19 tupu ni kama gramu 600, Beretta 92FS inakaribia 950, na risasi 15 za 9 mm huongeza karibu gramu 180. Nyepesi hubebeka, ila teke lake ni kali.

Kiangazi, upepo wa Dodoma ukianza kuzoa vumbi, mafuta mengi hugeuka tope. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi latosha. Magazini ndani iwe kavu kabisa.

Mwisho piga angalau risasi 50 kwa umbali wa mita 7, magazini zikiwa na alama za namba. Ganda likisimama kwenye tundu la kutokea, tazama kwanza kifundo cha mkono: kikilegea, slaidi hurudi bila nguvu ya kutosha. Ukikaza na bado linasimama, badili aina ya risasi. Zikikwama wakati wa kuingia, tena kwa magazini namba 2 peke yake, bastola ni nzima. Midomo ya magazini hiyo imepinda au springi yake imechoka. Omba nyingine palepale, kabla hujaweka saini ya kupokea.