Unataka biashara ya kuhudumia magari Mombasa? Usikimbilie kununua mashine ya kuoshea, mfuate mwenye gari alipo

Hapa chuoni kwetu kwenye kitengo cha ushauri wa biashara ndogo, vijana wanakuja sana na swali hili, mwalimu nataka kufungua pa kuosha magari, mashine yauzwa ngapi na ploti naipata wapi. Sasa tuanzie hapo hapo, manake ukitembea Mombasa hii kutoka Bamburi mpaka Changamwe pa kuosha magari pamejaa, kila kona kuna mtu na mashine na pipa la maji, na wote wanagawana wateja wale wale. Ambacho bado hakijajaa ni kumfuata mwenye gari pale alipo. Mtu yuko kazini Moi Avenue tangu asubuhi, gari limekaa pakingi mchana kutwa halina kazi. Mama yuko Nyali na watoto wadogo, asubuhi anawasha gari lalia tik tik tik, betri imekufa. Muuguzi ametoka zamu ya usiku anataka kulala lakini gari lilitakiwa kwa fundi jana. Hawa wote pesa ya kulipa wako nayo, wakati ndio hawana, kwa hivyo wewe unawauzia wakati wao, na wanakulipa kwa sababu wanakuamini na mali yao.

Jambo la kwanza, chagua huduma moja na mtaa mmoja. Najua mtu akianza anataka kuandika kwenye bango anaosha, anabadilisha oili, anaziba pancha, anapaka rangi, anavuta magari yaliyoharibika, lakini kila huduma ina vifaa vyake na ujuzi wake na hasara zake, na ukizianza zote utaishia kuazima jeki huku mteja amesimama juani. Na mtaa ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria. Kisiwa chetu njia za kuingilia zinahesabika, kuna Nyali Bridge, kuna Makupa, kuna feri ya Likoni, na kila mkaazi ajua jioni zinakuwaje. Ukiwa unakaa Kisauni halafu umeahidi mteja wa Likoni kwamba utafika saa kumi na moja jioni, hapo umeahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwako. Kama uko Bamburi fanya Bamburi na Shanzu mpaka zikujue, kama uko Tudor fanya Tudor na Ganjoni. Mteja wa mbali mwambie ukweli, ndugu yangu huko bado sijafika.

Tuseme umechagua kuosha magari nyumbani kwa watu na maofisini. Hapa kwetu kitu kitakachokusumbua kwanza ni maji. Maji ya mfereji Mombasa hayana uhakika, wiki yatoka wiki yakatika, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Sasa maji ya chumvi usiyatumie kuoshea gari la mtu, yakikauka yanaacha madoa meupe kwenye rangi na vioo, na yakiingia kwenye vibao vya chini na kwenye maungio ya milango ndiyo kutu inaanzia hapo, na kumbuka gari la pwani tayari linapigwa na hewa ya bahari kila siku. Kwa hivyo jua maji yako yanatoka wapi kabla hujachapisha kikaratasi chochote. Wengine wanabeba mitungi ya lita 20 kwenye tuktuk, wengine wanaelewana na msimamizi wa fleti, lakini hakuna kuunganisha mpira kwenye bomba la mteja bila kuuliza, bili ya maji ni yake.

Habari njema ni kwamba gari dogo halihitaji maji mengi ukiwa na utaratibu. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa, ili ule mchanga uliotoa kwenye gari usiurudishe tena ukachora rangi. Anzia paa ushuke chini, magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake. Usioshe gari lililotoka juani boneti likiwa la moto, sabuni itakaukia pale pale iache alama, na kaskazi ya Januari mpaka Machi jua letu halina huruma, kwa hivyo tafuta kivuli au ufanye asubuhi mapema. Sabuni ya vyombo na ya unga wachana nazo, zinakwangua waksi, nunua shampuu ya magari. Na usipige injini kwa maji ya presha hata mteja akikubembeleza, magari ya siku hizi yana waya na kompyuta chini ya boneti, na haibridi, ile gari ya petroli na umeme pamoja, ndiyo zaidi kwa sababu ina umeme mkubwa, ile uifute kwa kitambaa tu uishie hapo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Hizi bei ni za mfano tu, weka zako. Tuseme unatoza 600 kwa gari dogo. Shampuu 40, maji mitungi mitatu kwa 30 kila mmoja ni 90, nauli ya kufika 80, kijana anayekusaidia 150, vitambaa na brashi vinavyochakaa 20. Jumla 380, umebakiwa na 220. Ukiosha magari sita kwa siku ni 1,320, na ukifanya kazi siku 20 kwa mwezi, manake kuna siku za mvua na siku za maji kukatika, ni 26,400. Hapo bado hujatoa bando, bado hujatoa pemiti, bado hujaweka akiba ya vifaa vikiharibika. Sasa angalia kitu kimoja tu kikibadilika. Yale magari sita, badala ya kuwa nyumba sita tofauti, yakiwa kwenye fleti mbili, nauli inakuwa 160 kwa siku badala ya 480, umeokoa 320 kila siku, kwa mwezi 6,400, na hujapandisha bei kwa mteja hata shilingi. Ndiyo sababu nasema msimamizi wa fleti na mlinzi wa getini ni watu wa kuwatafuta kabla ya kutafuta wateja. Wasalimie kwa heshima, jieleze, acha nakala ya kitambulisho chako kwa mlinzi, na siku ya kwanza usiingie na kundi la vijana watano wasiojulikana.

Tuje kwenye imani, na hapa naomba usome polepole. Mtu anapokupa ufunguo wa gari amekupa pia nyumba yake, ofisi yake, risiti zake, viatu vya mtoto na pengine pesa alizosahau kwenye dashibodi. Kabla hujagusa kitu, zunguka gari lote na simu upige picha, pembe nne, rimu nne, kioo cha mbele, viti, na ile namba ya kilomita kwenye dashibodi. Mtumie mteja hizo picha hapo hapo kwenye WhatsApp na maneno mafupi, "Bi, shikamoo, nimepokea gari saa tatu, mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo huu, naanza kazi." Hilo lafanyika dakika chache na lazuia ugomvi wa wiki nzima. Ukikuta pesa au simu ndani, usiihamishe kimya kimya, piga picha ilipo, mwambie, kisha uiweke mahali mnapokubaliana. Ufunguo ukae kwa mtu mmoja tu mpaka urudi kwa mwenyewe. Na zile picha na namba za simu za watu ni amana, Kenya tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, si za kurushwa stetasi ukijisifia kazi huku namba ya gari yaonekana, kama wataka kujitangaza omba ruhusa na uifunike ile namba.

Kama huduma yako ni kuchukua gari kulipeleka kwa fundi na kulirudisha, hiyo ni ngazi nyingine kabisa, manake sasa unaendesha gari la mtu barabarani. Leseni yako ya udereva iwe hai na ya aina ya gari hilo. Mwambie mteja aulize kampuni yake ya bima kama dereva mwingine anayelipwa anakubaliwa kwenye bima ile, na jibu alipate kwa maandishi. Bima ya lazima kisheria ni ile ya kulinda watu wengine barabarani, gari lenyewe likiumia mikononi mwako bima hiyo hailitengenezi. Uliza mawakala wa bima kuhusu ile ya wanaoshika magari ya wateja kwa kazi, ni tofauti na ya kawaida. Bila hilo kuwekwa sawa, mimi siwezi kukushauri uianze hiyo kazi, hata mteja awe rafiki yako.

Huduma nyingine ambayo naiona ina nafasi nzuri ni ya betri na pancha, kwa sababu mtu akikwama hapigani sana na bei. Betri haipendi joto, na sisi joto tunalo mwaka mzima. Vifaa ni waya nzuri nene za kujampu, yaani kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari lingine, kompresa ndogo ya volti 12, jeki, vile vibao vya pembetatu vya barabarani na mita ya kupimia volti, na mita ndiyo ya maana kuliko zote. Betri ya gari la kawaida ikiwa imejaa na gari limezimwa inasoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ukishawasha injini, mita inatakiwa ipande iwe kama 13.5 mpaka 14.5. Ikibaki pale pale kwenye 12 ujue altaneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri, haichaji, sasa ukimuuzia mteja betri mpya hapo umemwibia, kwa sababu nayo itakufa kesho kutwa.

Na kujampu kuna mpangilio, usibahatishe. Klipu nyekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, kisha nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa, ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Sababu ni kwamba ile ya mwisho hutoa cheche, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kuzitoa unarudi kinyumenyume. Nimeona watu wazima wanacheka wakiambiwa hivi, lakini asidi ya betri ikiingia machoni hakuna wa kucheka.

Makaratasi nitayapitia haraka. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, chukua pemiti ya kaunti, uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na upokee malipo kwa namba ya tili ya biashara, siyo kwa laini yako unayotumiwa na shangazi. Mauzo yakivuka milioni 1 kwa mwaka unaingia kwenye kodi ya mauzo (turnover tax), ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3, unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama mkono wako ni wa ufundi lakini huna cheti, nenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ufanye mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, hicho cheti ndicho kitakufungulia maofisi na mahoteli. Maji machafu ya sabuni na mafuta usiyamwage kwenye mfereji wa maji ya mvua, yanakwenda moja kwa moja baharini na kwenye mikoko ya Tudor, na sheria ya mazingira inakushika wewe, siyo mteja. Oili iliyotumika ihifadhi kwenye mtungi uwapelekee wanaoikusanya.

Kuhusu mkopo, angalia muda wa kulipa kabla ya kuangalia kiasi. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, unalipwa ndani ya siku 14. Huo unaweza kukununulia shampuu na vitambaa ukaurudisha, lakini mashine haijilipi kwa wiki mbili hata ufanye kazi usiku na mchana. Kifaa kikubwa kinunue kwa akiba au kwa mkopo wa miezi, kupitia chama chenu au mfuko wa vijana.

Ratiba yako nayo iishi na mji. Ijumaa mchana usimpigie mteja simu wakati wa swala. Ramadhani wengi watataka gari lifanywe asubuhi, na siku mbili tatu kabla ya Idi simu hazitapumzika, kwa hivyo chukua oda mapema na ukatae zile huziwezi. Desemba wageni wa bara wanaingia na magari yamejaa vumbi la barabara ya Mombasa, wengi wanafikia Nyali na Bamburi kwenye nyumba za kukodi, ongea na wasimamizi wa nyumba hizo kuanzia Oktoba. Aprili na Mei mvua ikinyesha kuosha kutashuka, na hapo sasa ndipo huduma ya pili, ya betri na pancha, inapofaa kuongezwa, ukiwa tayari una wateja wanaokujua na akiba ya kununua mita na kompresa.