Masta ya breki: ni nini, inakufaje, na inabadilishwaje

Uko kwenye foleni, gia iko D, mguu umegusa breki kidogo tu. Kama pedali inashuka yenyewe taratibu, mithili ya mguu unaozama kwenye tope, na wewe hujaongeza nguvu yoyote, kuna kifaa cha kushuku kabla ya vingine: masta silinda, ambayo mafundi wengi huiita masta ya breki au masta tu.

Masta ni silinda fupi ya chuma au aluminiamu iliyofungwa mbele ya busta (kile kidude cha duara kinachoongeza nguvu ya mguu wako), upande wa dereva, chini ya kile kikopo cheupe cha mafuta ya breki. Ndani yake mna pistoni mbili zinazofuatana, kila moja imevalishwa vipira. Ukikanyaga, pistoni zinasukuma mafuta, na kwa kuwa mafuta hayabonyei kama upepo, msukumo unafika kwenye magurudumu papo hapo. Ziko mbili kwa makusudi. Kila moja inalisha magurudumu mawili, ili paipu ya upande mmoja ikipasuka ubaki na mengine mawili ya kukusimamisha.

Vipira hivyo ndivyo vinavyokufa. Vikichakaa, mafuta yanapenya pembeni ya pistoni na kurudi nyuma badala ya kwenda kwenye magurudumu. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu hakuna tone chini ya gari na kikopo kimejaa. Gari langu lilipoanza hivi nilibadilishiwa pedi za mbele, nikalipa, na pedali ikaendelea kuzama. Kinachowachanganya zaidi ni kwamba ukikanyaga kwa nguvu breki zinashika: shinikizo kubwa linatanua vipira vikabana kwenye ukuta wa silinda. Ukikanyaga kwa upole, upenyo unabaki. Ndiyo maana fundi anazunguka na gari mtaani, anakanyaga kwa nguvu mara mbili tatu, anarudi anasema breki ni nzima.

Kupima hakuhitaji mashine. Zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika. Ikizama polepole na hakuna panapovuja nje, masta ni mgonjwa. Ikiwa laini kama sponji lakini inapanda ukipampu, hiyo ni dalili ya upepo ndani ya mfumo, si lazima iwe masta. Kama mafuta yanapungua haraka, kagua ndani ya kila gurudumu na kwenye paipu zote. Pakiwa pakavu, legeza masta uangalie nyuma yake, inapokutana na busta. Kipira cha nyuma kikichoka, mafuta yanaingia ndani ya busta na hutayaona chini kamwe. Ukitaka uhakika, hasa kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), fungua paipu kwenye masta na uzibe matundu yake kwa boliti zinazoingia sawasawa. Pedali ikibaki juu na ngumu, masta ni nzima, tafuta kwingine.

Vipira vinauawa na nini? Kwanza maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji hushuka hadi karibu 140, na maji hayohayo yanatia kutu ukuta wa silinda. Pili, na hili linaniumiza kila nikiliona, ni kujazia oili ya injini au ya stelingi eti ni dharura. Oili hizo zinavimbisha vipira vyote, kuanzia masta hadi kwenye gurudumu, na kutoa upepo peke yake hakuokoi kitu.

Tatu ni utoaji upepo wenyewe, yaani kukanyaga pedali huku mafuta yenye hewa yakitolewa kwenye magurudumu. Kwenye gari la zamani, ukikanyaga pedali hadi chini kabisa, vipira vinapita sehemu yenye kutu ambayo havijaigusa kwa miaka, vinachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali.

Kubadilisha ni nati mbili za busta na paipu chache. Tumia spana maalumu ya paipu inayoshika nati pande zote. Spana ya kawaida huila nati ile laini. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja. Kununua vipira peke yake kunafaa tu kama ukuta wa silinda ni laini. Ukipitisha ukucha ndani yake ukakwama mahali, nunua masta nzima, na ningependelea mpya kuliko iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, maana hujui vipira vyake vimekaa vikavu muda gani.

Kabla ya kuifunga, ibane kwenye jiliwa, ijaze mafuta, funga vijibomba kwenye matundu yake ya paipu uvirudishe ndani ya kikopo, na sukuma pistoni polepole mpaka mapovu yaishe. Ukiruka hatua hii utatoa upepo siku nzima. Linganisha pia ufito wa busta unaosukuma pistoni na masta mpya: ukiwa mrefu kupita kiasi, pistoni hairudi mwisho, na breki zitashika zenyewe barabarani hadi magurudumu yachemke.

Kisha toa upepo ukianzia gurudumu la mbali zaidi, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia mara nyingi ni la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Kikopo kisikauke hata mara moja. Rudia kipimo cha nusu dakika, washa injini ukiwa umekanyaga. Pedali itashuka kidogo, hiyo ni busta inaanza kazi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kutoka, pitisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila nati uliyoigusa.