Mfuniko wa ndoo ya bia: gesi itoke, hewa isiingie

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaoanza kupika bia nyumbani linahusu mfuniko. Kimea kimepatikana, hamira ipo, ndoo ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kula imeoshwa, halafu mtu ameshika tyubu ya silikoni anauliza: niizibe kabisa, au niiache hivihivi? Ukiiziba kabisa itakupasukia siku za mwanzo. Ukiiacha wazi itakuharibikia siku za mwisho. Kwa hiyo tunachotafuta ni mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Tuanze na gesi. Hamira ikila sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hugeuka pombe na karibu nusu hugeuka kaboni dayoksaidi. Chukua lita 16 za maji ya kimea yanayosoma 1.048 kwenye haidromita, kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyoyeyuka, yaani bia ya kawaida ya asilimia 5 hivi. Humo mna kama kilo mbili za sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka kutoka kwenye kimea. Hamira itakula kilo moja na robo hivi, na gesi itakayotoka itakuwa kama gramu 550. Ukiipima kwa ujazo kwenye joto la nyuzi 25, hizo ni lita 300. Juu ya bia yako umebakiza nafasi ya lita nne tu. Hakuna silikoni wala gundi ya kushikilia hapo, na ni afadhali isiwepo, kwa sababu mfuniko ukikataa kuruka ndoo yenyewe ndiyo itakayopasuka.

Sasa upande wa pili. Kuna imani kwamba kaboni dayoksaidi, kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, italala juu ya bia kama blanketi na kuilinda. Si kweli, au tuseme ni kweli kwa muda mfupi sana. Gesi huchanganyika. Kinachoilinda bia ni ule mkondo wa gesi inayosukuma kwenda nje, na mkondo ukiisha, hewa inaanza kurudi kupitia kila upenyo. Pamoja na hewa huja bakteria wa siki, ambao bila oksijeni hawana kazi, na wakiipata wanageuza pombe yako kuwa siki. Wanaowabeba ni wale vinzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Kinzi mmoja akipenya chini ya mfuniko anatosha.

Ndiyo maana pombe za ndizi kama mbege ya Uchagani au rubisi ya Kagera hazihitaji mambo haya. Mtumbwi wa rubisi hufunikwa majani ya mgomba, pombe inachemka yenyewe, na inanywewa upesi, gesi ikiwa bado inatoka. Uchachu kidogo ni sehemu ya ladha yake. Bia ya kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, inakaa ndooni wiki mbili, na wiki ya pili ndiyo ya hatari. (Mzee mmoja aliniambia bia inayongoja wiki mbili ni bia ya watu wasio na wageni. Sina hoja ya kumpinga.)

Turudi kwenye ndoo. Angalia alama chini yake: namba 2 au 5 ndani ya pembetatu ni plastiki zinazofaa, na iwe ndoo iliyobeba chakula tangu mwanzo. Ya rangi, ya dawa au ya mafuta ya taa achana nayo hata ukiisugua mwezi mzima. Pipa la bati lenye zinki pia hapana. Bia ina asidi ya kutosha kuilamba ile zinki.

Geuza mfuniko uutazame kwa ndani. Utaona mfereji unaouzunguka, na kwenye ndoo nzuri mna mpira mwembamba ndani yake. Pitisha ukucha polepole. Mara nyingi utakuta punje ya pumba ya kimea imekwama, au sehemu mpira umejikunja, na hapo ndipo panapovuja. Utoe mpira, uoshe, uurudishe ukiwa umelala sawasawa. Kama mfuniko hauna mpira, usikimbilie kuugundisha. Ukingo wa ndoo ukiwa safi na haujakwaruzwa, zungushia nailoni ya kufungia chakula tabaka mbili kwenye ukingo, kisha gandamiza mfuniko juu yake. Si nadhifu, lakini inaziba.

Tundu la kutolea gesi litobolewe kwa drili, si kwa msumari uliopashwa moto. Msumari huacha kingo zenye mabonde, na hakuna washa (pete ya kuzibia) itakayokaa vizuri hapo. Weka washa ya mpira, ingiza mrija uubane kabisa. Ukiweza kuuchomoa kwa vidole viwili, tundu ni kubwa mno. Silikoni itumike kuzibia tu pembeni, kwa nje, na iwe ile ya kugusana na chakula. Ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuzuia ukungu, haifai. Aina nyingi hutoa harufu ya siki zikikauka, basi ziache mpaka harufu iishe kabisa ndipo upike.

Mrija wenyewe usiwe mwembamba. Mpira wa dripu unapendwa kwa sababu unapatikana, lakini siku mbili za kwanza, hasa kwenye joto la Pwani, povu hupanda likiwa limebeba hopsi na hamira, na mrija mwembamba ukiziba, umerudi kwenye ndoo iliyofungwa. Tumia mpira mpana kama kidole, acha sehemu moja ya tano ya ndoo tupu, na ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Povu likishatulia ndipo unaweza kuweka eyaloki, kile kidude cha plastiki chenye maji, au mrija mwembamba.

Izame kiasi gani? Sentimita moja au mbili. Watu huizamisha mpaka chini wakidhani wanaziba zaidi. Kadiri ncha inavyozama ndivyo gesi inavyohitaji nguvu zaidi kutoka, nayo hufuata njia rahisi. Mfuniko ukiwa na upenyo mdogo itapita huko. Hapo ndipo napata simu: "Kaka, bia yangu imekufa, haitoi mapovu." Mara nyingi bia ni nzima, ila ndoo inavuja. Paka povu la sabuni kuzunguka ukingo na tundu, bonyeza mfuniko taratibu, uone linapovimba. Kama bia imefika mwisho au bado, ulizia haidromita: usomaji uleule kwa siku tatu mfululizo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni ndoo kunyonya. Arusha mchana ni joto, usiku baridi. Ndoo ikishuka kutoka nyuzi 30 hadi 20, zile lita nne za gesi zinasinyaa kwa zaidi ya mililita 100, na pengo hilo linajazwa kwa kuvuta maji kutoka kwenye chupa. Ndoo laini ukiibeba kwa mpini ikabonyea kisha ikarudi, inanyonya vilevile. Ncha ikizama kidogo tu, itavuta maji machache kisha hewa kidogo. Mimi kwenye eyaloki huweka Konyagi, ile pombe kali, badala ya maji. Ikinyonywa, hakuna kilichoharibika.

Kufunga kabisa kuna mahali pake, nako ni kwenye chupa baada ya bia kumaliza kuchacha. Gramu 6 hadi 7 za sukari kwa lita, chupa za plastiki za soda, mfuniko umekazwa. Chupa hizo zimetengenezwa kubeba presha, na zinakueleza zenyewe: zikiwa ngumu usiweze kuzibonyeza kwa kidole gumba, zipeleke kwenye friji. Chupa za maji ya kunywa, hata zikifanana na hizo, hazikuundwa kwa presha hiyo.