Ile Nukta Nyekundu Kwenye Slaidi ya Malaria

Mtu akirudi Nairobi kutoka Busia au Kwale, sehemu za Kenya zenye malaria, akiwa na homa, zahanati ya mtaani humdunga kidole, damu ikapakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi ya Giemsa. Mtaalamu wa maabara huinamia hadubini akitafuta pete ndogo ya samawati yenye nukta nyekundu. Nukta hiyo ni kiini cha kimelea cha malaria. Seli nyekundu ambamo kimelea kimejificha haina kiini chake, kwa sababu ilikitoa ilipokuwa ikikomaa kwenye uboho. Ndiyo maana nukta ile huonekana upesi. Kwa damu ya kuku kazi ingekuwa ngumu zaidi, maana seli nyekundu za kuku hubaki na viini vyake.

Mimi huchunguza viini vya seli, na nimezoea kuulizwa kama ninazungumzia kiini cha yai. Hapana. Ule umanjano ni akiba ya chakula. Kiini ninachokisema hukaa kwenye kidoa cheupe kilicho juu yake. Jina lake la kisayansi, nucleus, lilitolewa mwaka 1831 na Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alipokuwa akitazama seli za okidi.

Shuleni tulifundishwa kuchora duara dogo ndani ya duara kubwa, tukaandika "kiini: huongoza seli", tukapata alama. Mchoro huo umetunyima jambo zuri kuliko yote. Kiini cha seli ya binadamu kina upana wa takriban mikromita 6, yaani kama sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele, lakini kimebeba DNA, uzi wenye maagizo ya seli, ambao ukinyooshwa hufika karibu mita 2. Uzi huo umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama fundi cherehani anavyozungusha uzi kwenye kigurudumu. Pale ulipokazwa sana, jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo ya kutengeneza protini, hazisomeki. Pale ulipolegezwa, husomeka. Na mara nyingi sehemu zilizokazwa husukumwa pembeni, zikakaa zimeegemea ukuta wa kiini. Kwa hiyo haitoshi kujua seli ina jeni gani. Inabidi pia kuuliza jeni hiyo imekaa wapi.

Ukuta wenyewe ni tando mbili zenye maelfu ya vitundu. Molekuli ndogo hujipitia tu, lakini protini kubwa haingii bila alama maalumu, kama gari linavyofunguliwa geti la estate kwa sababu lina stika kwenye kioo. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba ishara zinazoelekeza ziende wapi ndani ya seli.

Sasa turudi kwenye kimelea, maana hapo ndipo mpangilio wa kiini unapogusa maisha ya watu. Plasmodium falciparum, anayesababisha malaria kali, ana kromosomu 14. Orodha kamili ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2002, na miongoni mwake kuna jeni zipatazo 60 za familia iitwayo var. Kila moja hutengeneza aina yake ya protini inayojitokeza juu ya seli nyekundu iliyoambukizwa. Kimelea husoma moja tu kwa wakati. Nyingine zote hukazwa na kufungiwa kando ya ukuta wa kiini, kimya.

Kinga ya mwili ikishaitambua protini ile na kuanza kuishambulia, baadhi ya vimelea huwa vimeshanyamazisha jeni ya kwanza na kufungua nyingine. Askari wa mwili wanamsaka mtu wa shati jekundu, naye amevaa la kijani. Hii ni sababu moja kubwa inayomfanya mtu augue malaria tena na tena, na mtoto wa kule kando ya Ziwa Victoria ahitaji miaka mingi kujenga kinga. Aliyekulia huko akahamia Nairobi, mji wa juu wenye mbu wachache wa malaria, kinga yake hupungua pole pole. Asijiamini anaposafiri nyumbani Desemba.

Protini hiyo hiyo ya var ina kazi ya pili: hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Kimelea kinapokomaa, seli yake hukwama huko, isizunguke tena na damu. Kwa hiyo damu ya kidoleni huonyesha zaidi vimelea vichanga, zile pete. Vilivyokomaa vimejibanza ndani, kiini kikigawanyika mara kadhaa, hadi seli inapasuka baada ya takriban saa 48 na kumwaga vimelea vipya.

Ndiyo sababu slaidi moja isiyoonyesha kitu haitoshi. Ukiambiwa huna malaria na homa ikaendelea, rudi upimwe tena kesho yake, na umwambie daktari ulisafiri wapi na lini.