Splaini si kila mstari uliopinda

Nimeisikia tena juzi. Mtu anachora nembo kwenye kompyuta, kavuta vishikio viwili (zile nukta za pembeni za kuupinda mstari), mstari ukapinda vizuri, akasema ametengeneza splaini. Jamani.

Kwa kifupi, splaini ni mstari laini wa vipande vya polinomia (hesabu za x, x² na kadhalika), mara nyingi za kipeo cha tatu, yaani hadi x³, vilivyoungwa bila kona kwenye maungio. Basi. Utamu uko kwenye jina.

Kabla ya kuwa hesabu, splaini ilikuwa ufito. Wachoraji wa maumbo ya meli, na baadaye ya ndege, walikuwa na ufito mwembamba wa mbao waliouita hivyo kwa Kiingereza, wakaushikiza juu ya karatasi kwa vipande vizito vya madini ya risasi (hivyo waliviita bata, usiniulize kwa nini). Jaribu mwenyewe: pigilia misumari mitano ubaoni kwa kupishana kidogo, upitishe ufito kati yake. Ufito utagusa kila msumari, na baina ya msumari na msumari utajipinda kwa uchache uwezavyo. Sogeza mmoja, ufito mzima unajirekebisha. Mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg, akiwa Marekani, akalichukua jina hilo akaliingiza kwenye hisabati.

Bézier, mpindo ule wa kuvutwa kwa vishikio, ni ukoo mwingine, wa viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliipata njia ya kuuchora mwaka 1959 akiwa Citroën, kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault akachapisha ya kwake miaka ya 1960, na jina likawa lake.

Hapa huhitaji misumari. Weka nukta nne. Mstari unaanzia ya kwanza na kuishia ya nne. Mbili za kati, ndizo vishikio, zinauvuta tu, kwa kawaida wala hauzigusi. Ziunge nukta hizo kwa mistari mitatu, tafuta nusu ya kila mmoja, unga nusu hizo, tafuta nusu tena, unga, kisha nusu ya mwisho: hiyo imo kwenye mpindo wenyewe. Rula na penseli vinatosha.

Vipande kadhaa vya Bézier vikiungwa kwa ulaini vinakuwa splaini, hilo sikatai. Ila kile kimoja cha nembo, chenye vishikio ambavyo mstari hauvigusi, ndugu yangu, ni Bézier tu.