Maana ya udhamini wa maudhui, na ni nani hasa mdhamini

Katika Mahakama ya Milimani hapa Nairobi, neno mdhamini lina uzito wake. Mshtakiwa akikubaliwa kuachiliwa kwa dhamana, jamaa au rafiki hujitokeza na hatimiliki ya shamba au ya gari, akatia saini kwamba anamjua mtu huyu na kwamba atarudi siku ya kesi. Akitoroka, mali ya mdhamini ndiyo inayoshikwa.

Mtandaoni neno hilo limepata kazi nyingine. Udhamini wa maudhui ni makubaliano ambayo kwayo kampuni humlipa mtu anayetengeneza video, picha, makala au podkasti ili aitaje, aionyeshe au aisifu bidhaa yake ndani ya kazi yake. Kampuni huitwa mdhamini kwa kuwa ndiyo inayotoa pesa. Kwangu mimi, jina hilo limepewa asiyestahili. Anayejitokeza mbele ya watu na kusema "hii naijua" ni yule mwenye video. Yeye ndiye anayeidhamini bidhaa, na alichoweka rehani ni imani ya watu wanaomfuata. Ukiitazama biashara hii hivyo, mengi yanayosumbua watu kuihusu hueleweka.

Kwanza tuutenge udhamini na matangazo ya kawaida ya jukwaa. Video ikikatizwa na tangazo la sabuni kwenye YouTube, tangazo hilo limewekwa na jukwaa lenyewe. Mwenye video ndefu aliyekubaliwa katika mpango wa malipo hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo hayo, na ili agawiwe lazima awe na wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Kima hicho huwachukua wengi muda mrefu kukifikia, na wakishafika hugundua kwamba pesa zenyewe hutiririka polepole. Lakini imani haiguswi. Mtazamaji anaona wazi kwamba mwenye video amenyamaza na kampuni ndiyo inayosema.

Udhamini huja kwa mlango mwingine. Tuseme kuna dada wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, anayepika nyumbani kwake: ugali, sukuma, omena ya nazi. Ana wafuasi elfu nane, na wengi wao humwita jina lake la nyumbani. Kampuni ya sufuria inampigia. Inajua kwamba tangazo lake la kawaida watu hulirukisha. Inachotaka ni kile kinachotokea dada huyu anapoinua mfuniko na kusema, "Jamani, hii imeniokoa." Watu elfu nane watasikia ushauri wa jirani, na hicho ndicho kinachonunuliwa.

Malipo yenyewe si lazima yawe pesa taslimu. Sufuria ya bure ni malipo. Usiku mbili katika hoteli ya Diani ni malipo. Kuna pia kamisheni, ambapo mtu hupewa linki au namba yake ya punguzo na kulipwa kila anayeitumia anaponunua. Amazon imekuwa na mpango wa namna hiyo tangu 1996. Kamisheni inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo mapato hupanda kadiri watu wanavyonunua, hata kama bidhaa haiwafai. Serikali ya Kenya inazitambua njia hizi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitaja matangazo, udhamini na kamisheni miongoni mwa mapato ya maudhui ya kidijitali, na kuyatoza kodi ya zuio, yaani inayokatwa na anayelipa kabla pesa hazijakufikia, ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, baada ya mswada kuanza na asilimia 15. Kwa hiyo mtoza kodi anatarajiwa kuambiwa kwamba umelipwa. Mtazamaji naye ana haki hiyo.

Ndipo linapoingia neno la pili, ufichuzi. Wengine hulisikia wakadhani linahusu kuficha, kumbe ni kinyume chake: kama funga na fungua, ziba na zibua, ndivyo zilivyo ficha na fichua. Kufichua udhamini ni kumwambia mtazamaji, kabla hajashawishika, kwamba kati yako na bidhaa hii pana pesa, zawadi au undugu. Hapa wengi hutimiza jina la jambo bila kulitimiza lenyewe. Huweka alama ya reli (#) yenye neno la Kiingereza mwishoni mwa nyingine ishirini, au huandika sentensi moja chini kabisa ya maelezo ambayo hayafunguki mpaka uyabonyeze. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, huwaelekeza watangazaji wa huko waseme ndani ya video yenyewe, na kwa lugha ileile wanayosifia nayo. Kipengele hicho cha lugha kingetufaa sana Nairobi. Ukipika kwa Kiswahili na kuchekesha kwa Sheng, halafu ukakiri malipo kwa neno moja la Kiingereza, mama aliyeko Kayole amebaki bila kuambiwa.

Tume hiyohiyo ilimaliza kesi mwaka 2016 na duka la mavazi la Lord & Taylor. Duka lilikuwa limewalipa washawishi 50, yaani watu wenye wafuasi wengi mtandaoni, wavae gauni moja na kulipiga picha kwa Instagram, bila kuwataka waseme kwamba wamelipwa. Gauni liliisha madukani. Walionunua waliamini kwamba wanawake hamsini wamelipenda kwa wakati mmoja.

Nimeyaonja hayo. Nilinunua kichujio cha maji kwa sababu ya video ya dada niliyemfuata kwa miaka mitatu. Mwezi wa pili kilianza kuvuja. Nilipokuwa nikitafuta namna ya kukitengeneza, nilikuta watu wengine wanne wakikisifu kwa maneno yaleyale, neno kwa neno. Pesa za kichujio nimezisahau. Video za yule dada sijazifungua tena, hata zile ambazo najua hazikuwa na mdhamini yeyote. Rehani ilikuwa imeshikwa, na naamini yeye mwenyewe hajui ni lini.

Sheria yetu ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Na kuna bidhaa ambazo kukiri malipo hakutoshi: Mei 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza watu mashuhuri na washawishi wa mitandaoni kutangaza kamari. Nilizipokea kwa furaha. Kijana anayeambiwa na mtu anayempenda kwamba mkeka umeingia, yaani ubashiri wake umeshinda, hasikii kabisa neno "tangazo".

Hata ukifichua vizuri, bado unaidhamini bidhaa. Kukiri kwamba umelipwa hakuifanyi sufuria mbovu iwe nzuri. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye mkataba, kabla kamera haijawashwa. Nani anaandika maneno? Kampuni ikikutumia ya kukariri, kinachonunuliwa ni sauti yako tu, na watu wataisikia tofauti. Una siku ngapi za kuitumia bidhaa kabla ya kuisemea? Unaruhusiwa kutaja kasoro? Kampuni nyingi husita kwa hilo la mwisho, na zikikataa katakata ni afadhali kodi ya nyumba ichelewe mwezi mmoja. Nasema hivyo nikijua vizuri landilodi wa Nairobi alivyo. Zinazokubali zipo. Yule dada wa Umoja, akipata iliyokubali, anaweza kufungua video yake hivi: "Kampuni ya sufuria hii imenilipa, na nimeipikia wiki mbili. Haishiki ugali, hilo nimeliona. Mpini wake unachoma, kwa hiyo shika na kitambaa."