Ulinzi wa mtoto michezoni maana yake nini?

Ukitaja "ulinzi wa mtoto" mbele ya wazazi wa klabu ya michezo, wengi hufikiria polisi, mahakama na mtoto aliyekwisha kuumizwa. Hiyo ni sehemu ya mwisho tu. Ulinzi wa mtoto michezoni ni mipango yote inayotangulia: nani anaruhusiwa kufundisha, nani anasafiri na watoto, nani anawasiliana nao na kwa njia gani, na mtoto mwenye jambo la kusema amwendee nani.

Mtoto hapa ni aliye chini ya miaka 18, hata kama ndiye nyota wa timu na amempita kocha wake kwa urefu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unampa haki ya kucheza katika kifungu cha 31 na haki ya kukingwa na ukatili katika kifungu cha 19. Hakuna kombe linaloifuta haki hiyo ya pili.

Madhara yenyewe si ya ngono peke yake. Kumtukana mtoto kila anapokosea pasi ni ukatili wa kihisia. Kumnyima maji kama adhabu, au kumlazimisha ajikondeshe ili aingie kwenye uzito fulani, ni kuumiza mwili wake. Mtoto aliyegongwa kichwa akarudishwa uwanjani kwa sababu mechi ni ya fainali ametelekezwa na watu wazima waliopaswa kumtoa. Na watoto wenzake nao huweza kumtesa, hasa katika zile "sherehe" za kumkaribisha mchezaji mpya ambazo watu wazima huzifumbia macho.

Kwa nini michezo ihitaji uangalifu wa pekee? Kwa sababu kocha ana mamlaka makubwa kuliko tunavyokubali kusema. Anamshika mtoto kumrekebisha mkao. Anaamua nani aanze na nani akae benchi. Anasafiri naye na kulala naye hoteli moja. Mtoto, kwa upande wake, amefundishwa kuvumilia maumivu na kutii bila kuuliza. Mambo yaleyale tunayoyasifu kwa mchezaji mzuri ndiyo yanayomfanya anyamaze.

Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175, baada ya wanawake na wasichana zaidi ya 150 kueleza mahakamani aliyowatendea kwa kisingizio cha matibabu. Wapo aliowadhulumu mzazi akiwa ndani ya chumba hichohicho. Mwezi uliofuata, nchini Uingereza, alihukumiwa Barry Bennell, kocha wa soka la vijana. Mchezaji wa zamani Andy Woodward alikuwa amejitokeza hadharani Novemba 2016 kusimulia aliyotendewa na kocha huyo tangu utotoni. Miaka mingi ilikuwa imepita.

Wote wawili waliaminiwa na wazazi. Hapo ndipo kiini cha dhana hii kilipo, na naona ndipo tunapokosea mara nyingi: tunauliza "huyu ni mtu mwema?" na tukiridhika tunaacha kuangalia. Mtu mwenye nia mbaya hajitokezi kwa sura mbaya. Anaanza na zawadi, lifti ya kurudi nyumbani, sifa za peke yake, kisha siri ndogo isiyo na ubaya wowote, ili mtoto azoee kuficha. Kwa hiyo mipango mizuri haitegemei wema wa mtu yeyote. Inamhusu kila mmoja sawa, akiwemo kocha mpendwa wa miaka 20.

Kwa vitendo maana yake ni kwamba mtu mzima hakai na mtoto mmoja faraghani. Mazungumzo ya wawili hufanyika mahali wengine wanapoona. Watu wazima hawabadilishi nguo pamoja na watoto. Ujumbe wa simu hupita kwenye kundi lenye wazazi, kamwe si kwa mtoto peke yake usiku. Safarini, kocha halali chumba kimoja na mchezaji. Anayeomba kazi, hata ya kujitolea, huchunguzwa rekodi yake na waliowahi kufanya naye kazi huulizwa. Na klabu huwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na sura kwamba ndiye wa kupelekewa malalamiko, ambaye si kocha mkuu. Kocha mwadilifu hapotezi chochote hapo, anapata mashahidi.

Mzazi anayenyimwa ruhusa ya kutazama mazoezi wakati wowote ana haki ya kuuliza sababu, na kumhamisha mtoto wake asiporidhika.

Mtoto akianza kusema, msikilize bila kumkatiza wala kumhoji kama mshtakiwa. Usimwahidi kwamba utaficha, kwa maana hutaweza. Mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama alivyoyatamka, na siku hiyohiyo yafikishe kwa mhusika wa klabu, au kwa polisi na ustawi wa jamii ikiwa mtoto yuko hatarini. Usimwendee mtuhumiwa kwanza "kusikia upande wake". Kufanya hivyo kunampa nafasi ya kuharibu ushahidi na kumtisha mtoto.